Maji ya Chitane: Msiba Usio na Matanga

Msiba wa mwanadamu katika upwa wa Waswahili una maneno yake, una siku zake na una watu wake. Habari ikifika, ulimi haubabaiki: mwenye kumrejesha marehemu kwa Mola wake humrejesha, mwenye kutoa pole hutoa, na hata asiyejua la kusema huketi barazani akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa rambirambi. Jamvi hutandikwa, kahawa hupita, hitima husomwa, tanga huanuliwa. Mfiwa hana haja ya kuibunia huzuni yake chombo. Chombo kipo, kiliundwa na waliomtangulia.

Mbwa akifa, chombo hicho hakipo. Mkulima wa mashamba yaliyo nyuma ya mji wa Mtwara, ambaye kwa miaka mingi ametanguliwa na mbwa wake kila alfajiri kwenda kutazama mihogo, siku akirudi peke yake hapati wa kumwambia pole. Akikiri kuwa ana majonzi, watu hutazamana, na mcheshi wa baraza huuliza hitima ni lini. Basi mwenye mbwa hujifunza kuficha. Husema amepoteza mlinzi. Husema nguruwe sasa watalimaliza shamba. Huzungumzia hasara, kwa kuwa hasara inaruhusiwa. Jirani naye humjibu kwa lugha hiyo hiyo, akamwahidi mtoto wa mbwa pindi jike lake litakapozaa. Mazungumzo yakaisha kwa amani, na jambo lenyewe likabaki halijaguswa.

Je, huzuni ile ni msiba wa kweli, au ni moyo uliokosea mlango? Swali hili laonekana dogo kwa sababu mbwa ni mdogo. Lakini kulijibu ni lazima kueleza huzuni yenyewe ni kitu gani, inamstahiki nani, na kama anayeitoa kwa mnyama humpunja binadamu mwenziwe.

Wengi wakiulizwa kwa nini mbwa haliliwi, hujibu kwa neno moja: najisi. Neno hilo ni la sharia, na sharia ina mipaka yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani hii, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kikavu kikigusana na kikavu hapana cha kuoshwa. Wafuasi wa Imamu Malik wao wameona kuwa mbwa aliye hai ni tohara, na kule kuosha ni utiifu wa amri tu. Hitilafu hiyo ni ya mafakihi, nao waachiwe. Linalopasa kuangaliwa hapa ni kwamba hukumu zote mbili zahusu chombo, nguo na kiwiliwili. Hakuna hata moja inayotoa hukumu juu ya mapenzi wala juu ya majonzi.

Tena mafundisho yale yale yaliyoweka hukumu ya kuosha ndiyo yaliyomruhusu mtu kufuga mbwa wa mifugo, wa kuwindia na wa kulindia mazao. Huyo wa mwisho ndiye mbwa wa Mtwara hasa, kwa maana kuanzia ukanda wa pwani hadi juu katika uwanda wa Wamakonde, mihogo haina usalama mbele ya nguruwe mwitu, na ngedere hawana simile na chochote kilichopandwa. Ni mafundisho hayo pia yaliyosimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akakijaza maji kiatu chake, akakibana kwa meno hadi juu ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, akasamehewa madhambi yake. Na habari za mwanamke aliyeangamia kwa sababu ya paka aliyemfungia ndani, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na katika kisa cha vijana wa pangoni, kila watu walipobishana juu ya idadi yao, kama walikuwa watatu, watano au saba, mbwa wao hakuachwa nje ya hesabu. Alilala kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha, akahesabiwa pamoja nao.

Iko methali isemayo kuwa ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Imekusudiwa kuonya juu ya mazoea: mpe mtu asiyejua mipaka nafasi ndogo, atakufedhehesha mbele za watu. Lakini ndani yake umejificha ushahidi ambao pengine mtungaji hakuukusudia. Methali haikusema mbwa atakuuma, wala atakukimbia. Imesema atakufuata, hata pale ambapo kumfuata kwake ni aibu kwako na ni hatari kwake.

Mfano wa kufuata huko ulioandikwa kwa uwazi kuliko mingi katika sehemu hii ya Afrika unatokana na safari iliyoanzia Mikindani, mwendo mfupi kutoka ilipo leo Bandari ya Mtwara. Bandari hiyo ya kina kirefu ilifunguliwa 1954, lakini ghuba ya Mikindani ilikuwa na majahazi karne nyingi kabla yake. Tarehe 24 Machi 1866 David Livingstone aliingia katika ghuba hiyo akitokea Unguja, baada ya kushindwa kuteremsha wanyama wake kwenye mlango wa Ruvuma kwa sababu ya mikoko na matope. Alikuwa na askari Wahindi 13, watu 10 wa Nzwani, vijana 9 waliotolewa utumwani wakasomeshwa Nasik katika Bara Hindi, wawili wa Shupanga na Wayao wawili. Alikuwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 pamoja na ndama, baghala 2 na punda 4, kwa kuwa alitaka kujua ni mnyama gani atakayestahimili mbung'o. Wanyama hao walipigwa, wakapakiwa kupita kiasi, wakafa mmoja baada ya mmoja njiani, na Livingstone aliwakasirikia sana askari wake kwa ukatili huo.

Katika safari hiyo alifuatana pia na mbwa mdogo aliyeitwa Chitane. Alikuwa mbwa wa Kizungu, manyoya yake yamesokotana yakamfunika macho, hata wenyeji wakashindwa kutambua upande wenye kichwa na upande wenye mkia. Mbwa wa vijiji walimwogopa kwa sababu hiyo tu. Naye aliwafukuza kwa furaha, ingawa bwana wake, aliyemjua vyema, aliandika kuwa lau mmoja wao angaligeuka nyuma, Chitane naye angaligeuka akatimua mbio. Mzaha huo wafaa kuzingatiwa. Mtu hamtanii hivyo mnyama aliyemnunua kwa kazi; hivyo hutaniwa mwenzi.

Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi iliyo Zambia ya leo, kabla ya kufika mto Chambeshi, msafara ulivuka kinamasi kiitwacho Chimbwe mahali ambapo upana wake ulitimia maili nzima. Maji yalifika kiunoni, chini mlikuwa na tope laini lenye mashimo, na upande wa kaskazini mlijaa ruba. Livingstone alitangulia. Kila mtu alishughulika kutoanguka. Walipofika ng'ambo, Chitane hakuwapo. Aliogelea mpaka nguvu zikamwishia akazama.

Waswahili husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hii hutumika kumtia moyo aliyekaribia kufaulu, na ni methali nzuri, lakini ina sharti ndani yake ambalo wasemaji hulipita upesi: akiona. Kwa mbwa mfupi anayeogelea, ng'ambo ya maili moja haionekani. Alichokuwa akikiona ni migongo ya watu wake.

Katika maelezo yake ya siku ile Livingstone hakuandika kuwa mbwa alikufa kwa bahati mbaya. Aliandika kwamba yeye, kwa kuwa alitangulia kuvuka, alipuuza kutoa amri juu ya mbwa. Kisha akataja aliyokuwa akiyafanya Chitane: alivyokuwa akiwazuia mbwa wengine wasiibe vibandani, na mwenyewe asiibe kamwe; alivyokuwa akikimbia mbele ya msafara kisha akarudi nyuma kuhakikisha kuwa kila mtu yupo. Hapo ndipo uchungu wa habari hii ulipo. Aliyejitwika kazi ya kuwahesabu wote ndiye ambaye siku ile hakuhesabiwa na yeyote.

Siku 5 baadaye, tarehe 20 Januari, wachukuzi wawili walitoroka na sanduku la dawa. Hasara hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi. Livingstone aliona kuwa uhai wake umekwisha kukatiwa shauri, na kwa kweli afya yake haikurudi kuwa ile ya zamani. Lakini huzuni ya sanduku na huzuni ya mbwa zimeandikwa kwa namna mbili mbalimbali. Juu ya sanduku mwandishi anapiga hesabu: nini kimepotea, nini kitafuata. Juu ya mbwa anajishtaki.

(Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Desemba 1866, Musa wa Nzwani, aliyekimbia msafara na wenziwe, alifika Unguja na habari kuwa Livingstone ameuawa. Wako waliosadiki. Hivyo Unguja ikawa na msiba wa mtu aliye hai, na Chimbwe ikawa na msiba wa mbwa aliyekufa kweli.)

Hapa msomaji wa pwani ana haki ya kuinua mkono. Njia ile ile ya Ruvuma, miezi michache kabla, ilikuwa njia ya misafara ya watumwa. Tarehe 19 Juni 1866 Livingstone alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Wenyeji walimweleza kwamba mwanamke huyo alishindwa kwenda sambamba na wenzake, na bwana wake akaazimu kuwa, kwa vile yeye hatampata tena, asipatwe na mwingine yeyote lau angepumzika akapona. Siku zilizofuata maiti za namna hiyo zilionekana tena. Mbwa wa Mzungu jina lake linajulikana hadi leo. Jina la mwanamke yule halikuandikwa. Je, si fedheha kumzungumza mbwa?

Pingamizi hili lina nguvu kuliko lile la najisi, na halifai kujibiwa kwa haraka. Ni kweli kwamba kuna mapenzi ya wanyama ambayo ni namna ya kuwapa watu kisogo. Koloni zote za Afrika ya Mashariki ziliwajua mabwana ambao mbwa wao walikula nyama huku mpishi akila mabaki, na wazee wa pwani hawajalisahau hilo. Mtu anayecheka mbwa anapoliliwa mara nyingine hamcheki mbwa. Anakumbuka meza ile.

Lakini yafaa kuuliza ni nani waliolia Chimbwe. Livingstone ameandika kuwa vijana wote wa msafara waliyaita maji yale Maji ya Chitane. Hawakuamriwa. Na vijana hao ni nani? Chuma alikuwa mmoja wao, Myao aliyekatwa kamba ya utumwa 1861 katika milima ya Shire. Wale wa Nasik nao walikuwa watoto waliookolewa utumwani. Hakuna katika msafara ule aliyeijua zaidi yao thamani ya yule mwanamke wa mtini. Waliijua kwa shingo zao. Kama kumlilia mbwa kungekuwa kumtukana mtumwa aliyekufa, wao ndio wangekuwa wa kwanza kukataa. Badala yake walifanya lile ambalo wanadamu huwafanyia wapendwa wao waliofia majini: waliyapa maji jina.

Na vijana hao hao, Chuma pamoja na Susi wa Shupanga, ndio ambao baada ya Livingstone kufariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo waliukausha mwili wake, wakaubeba na wenzao kwa miezi mingi hadi pwani, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Moyo uliompa mbwa jina haukuwa umeishiwa ulipotakiwa kumbeba mtu. Wale wanaoihesabu huzuni kama maji ya mtungi, kwamba kata moja aliyomwagiwa mbwa imempungukia jirani, waulizwe wanausemaje mwendo huo. Kasoro ya simulizi za safari ile haikuwa kwamba mbwa alipewa jina. Kasoro ilikuwa kwamba mwanamke hakupewa.

Tena mwanamke yule na mbwa yule, wakitazamwa pamoja, hufunua tofauti ambayo lugha ya kila siku huificha. Wote wawili walikuwa na mtu aliyeitwa bwana wao. Bwana wa mwanamke aliona kuwa anamiliki kitu. Kitu kisipomfaa yeye, na kisimfae mwingine. Huo ndio umiliki ukifika mwisho wake. Bwana wa mbwa naye, kwa sheria za dunia yote, alimiliki mali. Lakini alipoipoteza hakusema amepoteza mali. Alisema amepuuza wajibu. Kumbe katika moyo wake mbwa yule alikwisha kutoka katika daftari la mali akaingia katika daftari la amana.

Amana ni neno zito kwa Waswahili. Mwenye kuwekewa amana hana faida nayo. Ana dhima tu. Ikipotea kwa uzembe wake hulipa, na kama hawezi kulipa huomba radhi. Ndiyo maana mbele ya jeneza huulizwa kama marehemu anadaiwa, na walio hai huombana msamaha kabla ya safari ndefu. Mbwa haachi njia yoyote kati ya hizo. Hana mrithi wa kulipwa, hana ulimi wa kusema amesamehe. Aliyemwacha nyuma hubaki na deni ambalo mdai wake hatakuja mlangoni. Wale wanaoshangaa kwa nini mtu mzima, aliyezika wazee wake kwa utulivu, humlilia mbwa kwa kwikwi, huenda hawajalitazama jambo upande huo: alipowazika wazee wake, kulikuwa na nafasi ya kuagana.

Ahadi ya mtoto wa mbwa aliyoitoa jirani pale mwanzo yadhihirisha hayo. Jembe likivunjika, jembe jipya humaliza habari. Mtoto wa mbwa huyamaliza mambo ya nguruwe, nalo si jambo dogo kwa mwenye shamba. Lakini mkulima humwita mara mbili tatu kwa jina la yule aliyekufa, kisha hunyamaza.

Jambo hili si geni wala si la Wazungu. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa takriban miaka 14,000 iliyopita, na pamoja nao mbwa mchanga. Wataalamu walioyachunguza meno yake baadaye walikuta alama za maradhi makali ya muda mrefu, ambayo asingeyavumilia bila ya kuuguzwa. Hakuwa amefikia umri wa kuwinda wala kulinda chochote. Watu wasio na maandishi, wasio na shamba wala mji, walimlea mbwa asiyewafaa kitu, na alipokufa hawakumtupa.

Hata hivyo wako waliomlilia mbwa kwa namna isiyompendeza mbwa wala mtu. Washairi wana hatia kubwa hapa. Huko Baghdad, Muhammad bin Khalaf Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 309 wa Hijra, aliandika kitabu kizima ambacho jina lake lamaanisha ubora wa mbwa kuliko wengi wavaao nguo. Visa vyake ni vitamu. Lakini kwa kweli walengwa ni hao wavaao nguo, na mbwa amekuwa fimbo ya kuwachapia. Vivyo hivyo Byron, mshairi wa Kiingereza, mbwa wake Boatswain alipokufa 1808 alimjengea kaburi la fahari katika makazi yake ya Newstead, akaandika juu yake beti zenye sifa kwa mbwa na matusi kwa wanadamu. Ni shairi mashuhuri, na ni shairi lenye kasoro. Anayetaka kumsifu kiumbe aliyempenda watu bila ya masharti hafai kuanza kwa kuwachukia watu hao. Livingstone, ambaye hakuwa mshairi, alifaulu pale Byron aliposhindwa: kati ya sifa za Chitane aliyotangulia kuitaja ni faida yake kwa wote waliokuwa naye.

Lakini Byron ana jambo moja la kumtetea. Boatswain alikufa kwa kichaa cha mbwa, na inasimuliwa kuwa bwana wake alimuuguza kwa mikono mitupu. Ulikuwa upendo, na ulikuwa ujinga. Pasteur hakumchanja mtu kwa mara ya kwanza mpaka 1885. Leo hakuna udhuru wa ujinga huo. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kudhihiri kwa binadamu, karibu hakina anayepona. Aliyeng'atwa huokolewa na kuoshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha sindano zinazotolewa kwa wakati. Kati ya 2010 na 2015 Serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani waliendesha kusini mashariki ya Tanzania, Mtwara na Lindi zikiwemo, na kisiwani Pemba, mradi wa kuonesha kuwa maradhi haya yaweza kutokomezwa kwa kuwachanja mbwa wenyewe. Pemba yalikoma 2014. Mwaka 2016 yakaingia tena, na kazi ikabidi kuanza upya.

Yaletwa hapa habari hii kwa sababu ndani yake muna msiba mgumu kuliko wa Chimbwe. Mwenye mbwa humwona mlinzi wake akibadilika: haji akiitwa, anauma kuni, sauti imemkauka, mate yanamtoka, mwishowe anamrukia mtoto wa nyumba. Anauawa, na hana budi kuuawa. Jioni ile hakuna anayethubutu hata kunong'ona kuwa amehuzunika, kwa kuwa macho yote yako kwa mtoto, na ndivyo inavyostahili. Lakini aliyemuua ndiye aliyemlea, na anajua kuwa mbwa hakumsaliti. Ni maradhi yaliyokuja kwa mdomo wa mbwa. Na kama siku ya chanjo ilitangazwa akaona uvivu kumtafutia mbwa wake kamba, basi naye amevuka kinamasi bila ya kutoa amri. Kamba ile ambayo mtoto humvutia mbwa hadi kituo cha chanjo, mbwa akigoma na watu wakicheka, ni sehemu ya amana kama ulivyo mkate anaotupiwa jioni.

Yaweza kusemwa kuwa huzuni ya namna hii haina haja ya kutangazwa. Na iendelee kufichwa, kwani imefichwa siku zote. Homero amesimulia jinsi Odiseyo alivyorudi kwake baada ya miaka 20, amejigeuza ombaomba, na mbwa wake mkongwe Argo, aliyelala juu ya samadi, akamtambua kabla ya watu wote, akatikisa mkia, akafa. Odiseyo alifuta chozi bila ya mwenziwe kumwona. Lakini yeye alificha kwa sababu maadui walikuwa ndani ya nyumba, nao wangemuua lau wangemjua. Mkulima wa Mtwara anawaficha majirani zake.

Hakuna anayedai kuwa mbwa asomewe hitima au awekewe tanga. Mambo hayo yana wenyewe na yana maana yake, na kuyaeneza kwa kila kitu ni kuyapunguza. Kinachowezekana ni kidogo zaidi: kwamba azikwe shimo lenye kina badala ya kutupwa jaani, na kwamba jirani, kabla ya kuahidi mtoto wa mbwa, aseme pole. Neno hilo halijawahi kuwa na uhaba katika Kiswahili. Mtu huambiwa pole akijikwaa.

Maelezo ya tarehe 15 Januari 1867 ni mafupi. Mna upana wa kinamasi, kina cha maji, mashimo, ruba, mambo ambayo msafiri mwingine angeyahitaji, na ambayo Livingstone alitumwa kuyaandika. Kisha, karibu na mwisho, akaongeza kwamba rangi ya Chitane ilikuwa imeanza kugeuka, ikielekea wekundu wenye manjano.

Rangi hiyo haikuwa na faida kwa msafiri yeyote.